Kidonge cha Chuma katika Nchi ya Malaria
Mhadhara wa umma uliotolewa mjini Kalemie



Imekuwa ada katika vikao vya matabibu, kila litajwapo suala la kuwapa watoto vidonge vya kuongeza damu, kusimama mtu mwenye elimu yake akasema kwamba chuma ni chakula cha vimelea vya malaria, kwamba utafiti wa kisiwani Pemba umekwisha kulithibitisha jambo hilo, na kwamba sisi tukaao Kiambi, Manono na Kalemie, ambako mbu hana msimu wa kupumzika, yatupasa tuvifungie vidonge hivyo kabatini. Kauli hii naomba wasaa niijibu kwa marefu. Dalili za upungufu wa damu mnazijua, na sababu zake hali kadhalika: mimba za kufuatana, safura, na sahani ya bukari ambayo haijaona samaki tangu Jumapili; sitazirudia.

Tuisome basi Pemba yenyewe, maana waitajao aghalabu wamesoma muhtasari wake tu. Utafiti ule wa Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao, uliochapwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, uliwahusu watoto zaidi ya 24,000, wa tangu mwezi 1 hata miezi 35. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 12.5 za chuma pamoja na asidi ya foliki, nusu yake kwa wasiotimiza mwaka. Wengine wakazidishiwa zinki, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003, bodi iliyolinda usalama wa watoto hao ilishauri chuma kisimamishwe, kwa kuwa hatari ya kufa au kulazwa hospitali ilizidi kwa asilimia 12. Hilo ni kweli, tena ni zito, wala sitaki kulipunguza hata chembe.

Lakini watoto hao walipewa chuma wote sawasawa, aliyekihitaji na asiyekihitaji. Ndani ya utafiti huo huo mlikuwamo kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu tangu mwanzo, wakafuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria kila walipougua. Na humo, wale waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu, chuma kiliwapunguzia madhara, hakikuwazidishia. Kurasa hizo nimezisoma hata kingo zake zimechakaa, na kila nizisomapo nastaajabu jinsi nusu ya ushahidi ilivyovuka bahari ikatufikia huku bara, na nusu yake ikabaki kisiwani. Tena jarida lile lile lilichapa utafiti wa namna hiyo hiyo kutoka uwanda wa kusini mwa Nepal, ambako malaria ni adimu, na huko chuma hakikuzidisha vifo. Mtu asemaye kwamba Pemba imekihukumu chuma, basi, ameacha kuwasikiliza mashahidi wawili kati ya watatu.

Mwili wenyewe una hoja yake. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzidi wakati wa malaria na kuufunga mlango wa utumbo, hivyo chuma apewacho mtoto mwenye homa kali hakiingii damuni kwa wingi. Hubaki matumboni, kikalisha vijidudu vya huko. Ndiyo maana homa hutibiwa kwanza, na chuma kikafuata. Homoni hiyo hupanda pia baada ya kidonge kimoja kikubwa, na watafiti wa Zürich walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake wenye upungufu wa chuma hufyonza zaidi wamezapo siku moja na kuacha siku moja. Hao hawakuwa wajawazito. Mjamzito na afuate agizo la kliniki yake, ambalo kwa kawaida ni miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki.

Shangazi yangu wa Kiambi alipewa vidonge hivyo akiwa na mimba, akawa anavimeza kwa chai ya rangi iliyokolea, mara baada ya chakula. Siku alipokiona choo chake kimekuwa cheusi, alidhani damu yake inaungua, akavimwaga vilivyosalia katika mto Luvua. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba weusi ule ni wa chuma chenyewe na hauna dhara. Kwamba chai huzuia chuma na yafaa ingoje saa mbili. Kwamba maji ya limau husaidia. Kwamba tumbo likikataa, heri kumeza pamoja na chakula kuliko kuacha. Na kwamba, damu ikisharudi, dawa huendelezwa miezi mitatu hivi ili akiba ya mwili ijae. Wala hakuambiwa aifiche mbali na watoto, ilhali vidonge vichache tu vya mama vyaweza kumuua mtoto mdogo.

Tukirudi kwa watoto, najua Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linapendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chuma bila kupimwa mahali ambapo asilimia 40 au zaidi wana upungufu wa damu, mradi kinga na tiba ya malaria ziwepo. Nimeipima hoja hiyo kwa insafu, na nakiri kwamba kumngojea mpimaji asiyefika nako ni kumnyima mtoto dawa. Hata hivyo sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba uzito wote, na vijiji vingi vya Luvua haviwezi kulitimiza, kwa kuwa zahanati iko mbali na chandarua kimetoboka. Mjamzito na apewe bila kungoja kipimo. Ama mtoto, nitaendelea kumtaka muuguzi wa Kiambi atoboe kidole kwanza, apime wingi wa damu na malaria kwa tone lile lile, kisha ndipo afungue chupa.