Sauti ya Hanna

Msikilizaji, baada ya habari, tugeukie riwaya. *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila (jina tu linakuambia ni mtu wa Ukambani) ilitoka mwaka 2002, na ingali inatisha. Msimulizi asiyetajwa jina anazunguka Ulaya, Asia, Afrika na Marekani akimsaka P.P., mharibifu wa dunia, huku akiongozwa na sauti ya Hanna. Wahakiki hushikilia utandawazi. Mimi umenikamata upweke wa msimulizi huyo. Upweke huo nauona hata Ukambani: tangu 2017 abiria wa reli mpya wanaikatiza Makueni, macho kwenye simu. Huko Kitui, nyanya anapokea M-Pesa ya mwana asiyerudi nyumbani. Pesa zinafika, naam. Kitabu hiki kisomwe upya Ukambani, tena si kwa ajili ya mtihani.