Hakulewa, ulimi wake umetengenezwa upya

Leo tunazungumza juu ya mtu aliyekatwa ulimi kwa sababu ya kansa.

Ulimi unaweza kutengenezwa. Madaktari huondoa sehemu yenye kansa, kisha huchukua kipande cha ngozi na nyama kifuani, au mkononi chini ya kiwiko, na kukishona mdomoni. Kile cha mkononi huhamishwa na mishipa yake ya damu, ambayo huunganishwa na mishipa ya shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. (Baadaye kipande hicho huweza kuota vinyweleo mdomoni. Msimcheke.)

Lakini nyama hiyo haionji chumvi wala haijisogezi. Inajaza nafasi tu. Kinachosukuma chakula ni ulimi uliobaki. Ndiyo maana bukari ngumu hukwama shavuni, na maji, ambayo sisi tunadhani ni rahisi, hukimbia haraka na kuingia njia ya hewa. Basi mama, dada, wewe unayemlisha, mketishe wima. Mpe uji mzito kiasi, au samaki aliyepondwa na mchuzi, miiba yote imetolewa, kijiko kidogo kidogo. Ngoja ameze ndipo uongeze. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Akikohoa kila anapokunywa, sauti yake ikawa kama ina maji ndani, au akipata homa na kupumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda chakula kinaingia mapafuni.

Sasa maneno. Jaribu wewe mwenyewe: ulaze ulimi chini, usiusogeze, useme "mama", "baba". Yanatoka, kwa sababu ni kazi ya midomo. Sasa sema "leta", "kula", "Mantapala". Umesikia?

Mtu huyu akili yake ni nzima. Lakini akifika kwenye meza ya mgao akataja jina lake, walio nyuma kwenye mstari husema amelewa. Ninyi mnaosimamia mistari, mpeni kalamu na karatasi. Kama hajui kuandika, muulizeni maswali ya kujibu kwa kichwa, ndiyo au hapana. Na ninyi wa nyumbani, msimsemee. Mwacheni aongee kila siku, polepole, hata kama mchuzi unapoa. Masikio yenu yatamzoea, naye atazidi kujua namna ya kutamka.

Jambo la mwisho ni kwa kila mtu, hasa wavutaji wa tumbaku na wanywaji wa lutuku au kachasu. Kidonda au uvimbe mdomoni usiopona kwa wiki 3, hata kama hauumi, uonyeshe kituo cha afya. Hospitali ya kansa, iliyofunguliwa mwaka 2007, iko mbali, Lusaka, lakini barua ya rufaa inaanzia hapa kituoni. Kidonda kikionekana mapema, kipande cha ulimi kinachokatwa huwa kidogo.