Jiko la Chuma la Babu

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo, Lushoto

Leo sikuja na kitabu. Nimekuja na hiki kipande cha chuma mnachokiona mezani. Ni mlango wa jiko. Una herufi tano: D, O, V, E, R.

Mnajua Lushoto yetu ina baridi. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana Wazungu waliupenda. Wajerumani waliuita Wilhelmsthal. Waingereza wakauchukua mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika nyumba zao Wazungu waliweka majiko ya chuma. Jiko la namna hiyo lina mahali pa kuni, tanuri la kuokea mikate, na bomba la kutoa moshi nje.

Miaka ya 1950 babu yangu alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja karibu na Magamba. Alfajiri, ukungu bado umetanda, yeye alikwisha pasua kuni za miwati na kuwasha jiko. Mkate ukiungua, alikatwa mshahara. Alioka mkate kila siku, lakini watoto wake hawakuujua ladha yake. Nyumbani bibi alipika makande juu ya mafiga matatu, machozi yakimtoka kwa moshi.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, Mzungu yule aliondoka. Jiko akamwachia babu. Vijana wanane walilifungua vipande vipande, wakalibeba kwa miti, kupanda na kushuka milima siku nzima. Majirani walipoona bomba wakacheka: "Mpishi kaleta gari moshi!" Babu akatoboa ukuta, akapitisha bomba. Tangu siku ile jikoni kwa bibi hamkuwa na moshi.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka michache baadaye bibi akaingia kisomo. Jioni moja, akikoroga maharage, akatazama zile herufi alizokuwa akizifuta masizi siku zote. Akaanza: "Do... ve... Dovera!" Babu akashangaa. Kumbe jiko lina jina! Kesho yake naye akaenda kisomo.

Mwaka 2011 nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Babu alikwisha fariki. Jiko lilikuwa limetoboka chini. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Baba mkubwa akataka kuuza apate bati za kuezekea nyumba ya bibi. Mimi na shangazi tukakataa. Tukasema, "Hii ni zawadi aliyopewa babu!" Jamani, tuligombana.

Bibi akauliza, "Nani kawaambia ni zawadi? Mzungu yule alikuwa na deni la mshahara wa miezi miwili. Hakulipa. Aliacha jiko."

Tukanyamaza. Miaka yote tulikuwa tukimshukuru Mzungu kwa jasho la babu. Nikachukua daftari, bibi akasimulia mpaka usiku, nami nikaandika. Asubuhi akasema, "Sasa uzeni. Mshahara wa mzee wenu uezeke nyumba. Mlango niachieni mimi."

Bati zilinunuliwa. Bibi naye ametangulia. Mlango ndio huu, na daftari ninalo.

Ndugu zangu, ninyi sasa mnajua kuandika. Msisubiri mwenye mizani afike. Leo jioni chagueni kitu kimoja cha zamani nyumbani, kama kinu, jembe au chungu. Waulizeni wazee. Andikeni mistari mitano, na tarehe. Wiki ijayo tutasomeana.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini familia iliamini kuwa jiko lilikuwa zawadi?
2. Je, bibi alifanya vema kukubali jiko liuzwe?
3. Moshi wa kuni huumiza macho na kifua. Jikoni kwako moshi unatokea wapi?