TUSINUNUE GURUDUMU KWA KUHESABU MATUNDU

Hotuba ya Katibu wa Chama wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika, Kitomanga. Imeandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shamba.

 

Nimeombwa niseme juu ya ununuzi wa magurudumu mawili ya pikapu yetu. Siasa leo naiweka pembeni. Nitasema habari ya tairi na rimu, ambayo wengine huiita ringi.

Kazi ya gari hili kila mtu hapa anaijua. Msimu wa ufuta linabeba magunia kuja ghalani, na msimu wa korosho hivyo hivyo. Na usiku wa manane, mama akishikwa na uchungu huko kitongojini, hatuulizi ni msimu gani, tunamwamsha dereva. Sasa rimu mbili za nyuma zimechoka. Moja imepinda mdomo, haishiki upepo. Nyingine matundu yake yamelika. Fedha ya mpya haitoshi, basi tumekubaliana tununue zilizotumika. Hilo si aibu. Aibu ni kununua zisizofaa.

Wapo wenzetu wanasema hivi: rimu zipo, zina matundu sita, na zetu zina matundu sita, bei nafuu, sasa tunangoja nini? Nawajibu kwa maneno ya wazee: rahisi inavunja upishi. Matundu sita na matundu sita yanaweza yasioane kabisa. Nitaeleza moja moja, na kila moja mtu aweza kulipima kwa kamba, rula na macho yake.

LA KWANZA NI UMBALI WA MATUNDU. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Kama katikati hupaoni vizuri, anzia ukingo wa kushoto wa tundu hili, ishia ukingo wa kushoto wa lile. Jibu ni lile lile. Hilux yetu inayovuta kwa magurudumu yote manne ni milimita 139.7, karibu sentimita 14. Rimu ya Mercedes Sprinter nayo ina matundu sita, lakini ni milimita 130. Haiingii. Na za matundu matano ni hivyo hivyo. Hapo pima tundu na jirani yake: ya Noah ni kama milimita 67, ya Land Cruiser pikapu za miaka ya 2000 ni kama milimita 88. Tena Land Cruiser za aina hiyo za miaka ya 1980 zilikuwa na matundu sita. Kwa hiyo usiseme tu "nataka ya Land Cruiser". Sema ya mwaka gani.

LA PILI NI TUNDU LA KATIKATI. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, jamani. Rimu ya Mitsubishi L200 ina matundu sita, na umbali wake ni ule ule 139.7. Ukiitazama utasema ni pacha wa yetu. Lakini tundu lake la katikati ni milimita 67 hivi, na la Hilux yetu ni 106. Habu yetu ni nene, haipiti pale. Fundi mbaya atakwambia atalichonga. Mkataeni. Rimu iliyochongwa ovyo haikai katikati, gari litatetemeka na nati zitalegea.

LA TATU NI KINA CHA RIMU. Ilaze rimu kifudifudi, weka fimbo iliyonyooka juu ya mdomo wake wa nyuma, kisha pima toka kwenye fimbo hadi pale panapokaa kwenye habu. Fanya hivyo kwa rimu ya zamani, halafu kwa hii mnayotaka kununua. Zikitofautiana, gurudumu litaingia ndani likwaruze vyuma, au litatoka nje ya bodi na kulemea beringi. Upana wa rimu nao upimeni, toka mdomo hadi mdomo.

LA NNE NI NATI. Nati za Nissan nyingi na nati za Toyota zinaonekana sawa machoni, lakini meno yake hayalingani. Ukilazimisha kwa spana unaua bolti. Tena rimu ya chuma hutaka nati yenye kichongoo, inayokaa ndani ya tundu. Rimu nyingi za aloi za Toyota hutaka nati ya shingo ndefu yenye washa bapa. Ukichanganya, utakaza leo na kesho nati iko barabarani. Kwa hiyo anayekwenda kununua awe na nati moja mfukoni.

LA TANO NI TAIRI LENYEWE. Hapa wanakisomo mnisikilize, maana tairi ni ukurasa ulioandikwa. Tairi letu limeandikwa 205R16C, na pembeni 110/108. Hiyo 205 ni upana kwa milimita. Hiyo 16 ni inchi za rimu. Tairi la 15 halikai kwenye rimu ya 16. Herufi C ni ya magari ya mizigo. Na 110 ni namba ya uzito: tairi moja linahimili kilo 1,060. Sasa tairi la Noah la 195/65R15 mara nyingi lina namba 91, yaani kilo 615. Ukilivika gari la kubeba magunia utakuwa umelitwisha mtoto mzigo wa mtu mzima.

Tafuteni pia herufi DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo mara nyingi huwa upande mmoja tu, basi tazameni pande zote mbili. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, liacheni hapo hapo. Watengenezaji wengi husema tairi lisizidi miaka 10 hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa sababu mpira huzeeka kama mtu. Mkiona mipasuko midogo ubavuni, au uvimbe, achaneni nalo. Ndani ya mifereji kuna vinundu. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha.

Na matairi mawili ya ekseli moja yawe mapacha. Zungushieni kamba, mlinganishe. Moja likiwa kubwa kuliko jingine, gari huvutwa upande. Na sisi tunaotia gia ya magurudumu manne, matairi yakitofautiana yanaumiza giaboksi, hasa kwenye lami.

Rimu nayo ikaguliwe. Ibingirisheni juu ya saruji mwone kama inayumba. Tazameni baina ya matundu kama kuna ufa, na matundu kama yamekuwa mviringo wa yai. Iliyowahi kuchomelewa, hapana. Iliyopakwa rangi mpya, ikwangueni kidogo, mwone rangi inaficha nini.

Mtu ataniuliza, Katibu, mbona makali hivyo kwa vyuma viwili? Ndugu zangu, Gerezani kule Kariakoo, ambako rimu za mtumba ni nyingi, ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Ukileta isiyofaa, nauli ya kuirudisha inakula faida yote ya bei nafuu. Na barabara yetu mnaijua. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata kule Somanga, magari yakalala. Siku kama hizo hakuna wa kukuletea spea. Gari linatembea kwa kile ulichokwisha kukifunga.

Kwa hiyo natoa mapendekezo, mkutano uamue.

1. Kadibodi iwekwe juu ya rimu yetu ya zamani, matundu yote sita na la katikati yachorwe kwa mkaa, yakatwe. Kadibodi hiyo iende sokoni. Vipimo viandikwe juu yake.

2. Waende watu watatu: dereva, mjumbe wa Bodi, na mwanakisomo mmoja wa kusoma maandishi ya tairi. Nashauri awe mama, maana wao ndio wanaopakiwa usiku.

3. Hizo rimu za bei nafuu nazo zipimwe kwa kadibodi hiyo hiyo. Zikikubali, tununue, hatuna ugomvi na mtu.

4. Fedha isitolewe kabla ya kupima. Risiti iandikwe aina ya gari, na makubaliano ya kurudisha kama haikuingia.

5. Siku ya kufunga, nati zikazwe kwa kutazamana, siyo kwa kufuatana, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva aandike kwenye daftari kwamba amekaza.

Ndugu wanachama, fedha hii ni ya kilo za ufuta za kila mmoja wenu. Na atakayekaa juu ya magurudumu hayo ni mke wako, mwanao, au wewe mwenyewe. Kupima ni kazi ya nusu saa.

 Ushirika ni nguvu.