Sinema ya Magari ya Msasani



Nimeombwa niseme machache juu ya burudani za zamani za jumuiya yetu hapa Dar es Salaam. Nitataja moja tu: Drive-in ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha.

Vijana watataka maelezo. Ardhi iliinuliwa matuta ili pua ya kila gari ielekee juu, kwenye pazia jeupe. Kando palikuwa na nguzo yenye spika, nayo ilitundikwa dirishani. Jumapili, zilipoonyeshwa filamu za Kihindi, gari liligeuka baraza: bibi, wajukuu, chupa ya chai na vyakula vya nyumbani. Mama mwenye mtoto mchanga hakuhofia kumsumbua jirani.

Miaka ya 1970 mafuta yaliadimika, na kuendesha magari ya binafsi Jumapili alasiri kukapigwa marufuku. Kwa sinema ya magari, pigo gani lingezidi hilo?

Leo mahali pale pana Ubalozi wa Marekani, uliofunguliwa mwaka 2003 baada ya ule wa awali kulipuliwa mwaka 1998. Hapana hata nguzo moja ya kumwonyesha mtoto. Masalia, kama yapo, yamo katika albamu za nyumba zenu. Naomba zifunguliwe, wazee waulizwe ni nani hao waliosimama kando ya gari, na majina yaandikwe nyuma ya picha mwezi huu huu.