Kupima Kabla ya Kufungua: Kutafuta Hitilafu ya Mota ya Baiskeli ya Umeme

Utangulizi

Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa Ohio, Marekani, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Mota ile ilitumia volti 10 na kupitisha umeme kwenye brashi. Nyingi za leo hazina brashi. Kazi ya brashi imechukuliwa na kontrola, kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa zamu katika nyaya tatu nene. Sensa tatu za Hall, zilizofichwa ndani ya mota, hukiarifu sumaku zimefika wapi.

Gurudumu likigoma, lawama huiangukia mota, na fundi hukimbilia spana. Mada hii inashikilia kwamba habu iwe ya mwisho kufunguliwa, kwa sababu karibu kila kilichomo kinapimika kwa nje kwa multimita ya kawaida.

Kuanzia nje

Betri ya lithiamu ya volti 36 ina seli 10 mfululizo, na ikijaa husoma volti 42. Ya volti 48 yenye seli 13 husoma 54.6. Ipimwe mara mbili: baiskeli ikiwa imetulia, kisha mota ikivuta mzigo. Betri inayosoma vizuri ikipumzika, halafu ikaporomoka mlimani, huzima baiskeli ilhali mota ni nzima.

Breki zifuate. Baiskeli nyingi zina swichi kwenye mkono wa breki inayokata umeme wa mota. Ikinasa, kontrola huamini breki imeshikwa wakati wote. Kuchomoa plagi yake kwa majaribio hutoa jibu mara moja.

Aksileta ya mkononi hulishwa takriban volti 5. Waya wake wa ishara husoma karibu volti 0.8 ikiachwa, na hupanda taratibu hadi kupita 3.5 ikivutwa yote. Isipopanda, tatizo halijafika kwenye gurudumu.

Kusoma gurudumu kwa mkono

Betri ikiwa imechomolewa, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito na lenye kukwamakwama, zile nyaya tatu nene zitenganishwe na kontrola. Likilegea, transista za kontrola zimepiga shoti. Likibaki zito, shoti iko kwenye nyaya au koili za mota yenyewe.

Kipimo cha pili hakihitaji hata multimita. Ncha za nyaya hizo ziunganishwe mbili mbili, na kila jozi ilete uzito uleule. Jozi isiyoleta uzito wowote ina waya uliokatika. Mota yenye gia na friwili ya ndani izungushwe kinyumenyume, maana gurudumu likienda mbele halizungushi mota. Mota ya aina hiyo ikinguruma bila kusukuma, gia zake, ambazo mara nyingi ni za nailoni, zichunguzwe.

Baiskeli inayotetemeka wakati wa kuondoka, kisha ikaenda ikisukumwa, huelekeza kwenye sensa. Nyaya zake nyembamba ni tano: kwa kawaida nyekundu ya volti 5, nyeusi ya hasi, na tatu za ishara. Betri irudishwe, plagi ya sensa ikiwa imeunganishwa, na gurudumu lizungushwe polepole. Kila waya wa ishara uruke kati ya karibu 0 na karibu 5. Unaoganda kwenye namba moja una sensa iliyokufa au umekatika njiani.

Ekseli, chanzo kisichotazamwa

Nyaya zote huingia ndani kupitia ekseli. Nati zikilegea, nguvu ya mota huizungusha ekseli kwenye uma na kuzinyonga nyaya. Waya mnene ukigusa mwembamba, sensa na kontrola huweza kuungua pamoja. Fundi anayebadilisha kontrola bila kukaza ekseli anaweza kuunguza nyingine.

Mapendekezo

Kila karakana inayopokea baiskeli za umeme iwe na multimita na iandike vipimo kabla ya kuagiza kipuri. Kila mota ya habu ifungwe na mkono wa chuma unaoizuia ekseli kuzunguka. Vyuo vya ufundi viwafundishe wanafunzi vipimo hivi kwa gurudumu halisi mezani, kabla ya kuwapa bisibisi.