Jina la Kozi na Masharti Yake: Mhadhara kwa Wazazi na Vijana wa Eastlands



Nimeombwa nieleze shahada za kwanza na istilahi zinazoandamana nazo. Dai langu ni moja. Katika mitaa yetu, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, wengi wanaokwama chuoni hawakushindwa na masomo. Walichagua jina la kozi bila kusoma masharti yake.

Tuanze na jina. Pale Haile Selassie Avenue, mwendo wa miguu kutoka Muthurwa, kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Wazee wetu walikijua kama Kenya Polytechnic. Kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Humo kuna Shahada ya Uhandisi, na kuna Shahada ya Teknolojia katika fani za uhandisi. Kwa masikio ya mzazi, hizo ni pacha. Mbele ya sheria, kila moja ina njia yake: mwenye ya kwanza huomba usajili kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya, mwenye ya pili kwa bodi ya wanateknolojia wa uhandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Zote ni kazi za heshima. Balaa ni kuijua tofauti hiyo ukiwa umebakiza muhula mmoja kuhitimu.

Ualimu nao una mtego wake. Shahada ya Elimu humwandaa mtu kufundisha masomo mawili. Shahada ya Sanaa katika Kiswahili au Historia haimfanyi mwalimu. Akitaka kufundisha sekondari, itambidi asome stashahada ya uzamili katika elimu. Hata hivyo, Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, itarudi nyuma mpaka kwenye KCSE yake, mtihani wa kidato cha nne, na kuuliza: je, alipata C+ katika yale masomo mawili?

Muda pia si sawa. Kozi nyingi za sanaa, biashara na sayansi huchukua miaka 4, uhandisi 5, udaktari 6. Sheria ni miaka 4, lakini anayehitimu hajawa wakili. Bado kuna Kenya School of Law na mitihani ya uwakili. Mzazi anayepanga karo ya miaka minne ahesabu na muda unaofuata. Miaka minne yenyewe ina historia. Waliosoma zamani walipitia kidato cha sita, kisha shahada ya miaka mitatu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliondoa kidato cha tano na cha sita, na chuo kikaongezewa mwaka.

Sasa alama. KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni na iliyochukua nafasi ya bodi ya JAB kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, haipangi wanafunzi kwa wastani pekee. C+ ni tiketi ya kuingia tu. Kinachoshindaniwa ni alama za klasta, yaani alama zinazotokana na masomo manne ambayo kozi inayahitaji. Kanuni iliyozoeleka ni hii: gawa jumla ya masomo manne kwa 48, gawa jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Chukueni wanafunzi wawili, kila mmoja ana pointi 63, wastani wa B. Wa kwanza ana B katika masomo yote saba. Masomo yake manne yanampa 36, na klasta yake inatoka 36. Wa pili ana B+ katika manne ya klasta, lakini ana B- mbili na C+ katika yaliyosalia. Manne yake ni 40, klasta yake karibu 37.9. Wastani ni mmoja, ilhali kwenye kozi inayogombaniwa huyu wa pili ataitwa, mwenzake ataachwa. Basi kijana wa kidato cha tatu anayetaka uhandisi na bado anakwepa Fizikia ameshaanza kuchagua kozi, ajue asijue.

Nimalizie na fedha. Katika mfumo uliotangazwa mwaka 2023, msaada wa serikali una mafungu mawili: ufadhili, usiolipwa, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaolipwa kwa riba ya asilimia 4. Kinachobaki ni cha familia. Mzazi akisikia mtoto “amepewa pesa na serikali,” aulize ni fungu lipi.

Pendekezo langu ni dogo na linawezekana. Maktaba za Makadara na Kaloleni ni zetu. Kila dirisha la maombi likifunguliwa, wahitimu wa mtaa wakae humo jioni, na kijana aje na mzazi wake na matokeo yake. Wajibu maswali manne kabla ya kwenda saiba kubonyeza: Bodi gani inaitambua kozi hii? Inachukua miaka mingapi hadi leseni? Klasta yangu ni ngapi? Nani atalipa nini? Asiyeweza kujibu lolote kati ya hayo asibonyeze siku hiyo. Arudi kesho yake, maana dirisha halifungwi kwa usiku mmoja.